Namna ya kutambua kama jiwe uliloliokota ni zana ya kale

Mwaka 1913 mtaalamu wa Kijerumani Hans Reck alifanya uchunguzi katika bonde la Oldupai, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, akachimbua mifupa mingi ya wanyama wa kale, na akaondoka akiamini kwamba bondeni humo hamkuwa na zana ya jiwe hata moja. Mwaka 1931 alirudi pamoja na Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyekulia Kenya, ambaye aliweka dau kwamba angepata zana ndani ya saa 24 za kwanza, naye akashinda dau hilo kabla muda haujaisha. Zana zilikuwa zimelala pale pale siku zote. Reck alikuwa amezoea zana za Ulaya, ambazo nyingi zimechongwa kwa gumegume, na huko Oldupai watu wa kale walitumia basalti, kwatsaiti na mawe mengine ambayo macho yake hayakuwa yamefundishwa kuyasoma.

Mwokotaji wa leo hukosea mara nyingi kwa upande wa pili wa kosa lile. Reck hakuziona zana zilizokuwapo. Sisi huziona zisizokuwapo. Jiwe lenye ncha huitwa mkuki, la mviringo huitwa rungu, na lililokaa vizuri kiganjani hutangazwa kuwa shoka la mkono, yaani zana iliyochongwa pande zote mbili na kushikwa bila mpini, ilhali mito ilikuwa ikilainisha mawe ya namna hiyo kabla binadamu hajakuwapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekuta jiwe shambani, katika korongo au kando ya ziwa, na anayetaka kujua kama linastahili kuonyeshwa kwa wataalamu. Msingi wake ni kwamba umbo la jiwe halithibitishi kitu. Kinachochunguzwa ni namna lilivyopasuliwa, mpangilio wa mipasuko yake, na mahali lilipokutwa.

Kabla hujaliinua

Jiwe likiwa bado ardhini linaweza kueleza mambo ambayo halitayaeleza tena likiwa mezani. Lipige picha kabla ya kuligusa, kwanza kwa karibu, kisha kwa mbali kiasi kwamba mlima, mti mkubwa au kona ya korongo vionekane, na uandike majiranukta ya mahali hapo kwa kutumia simu. Angalia limelala juu ya nini. Kama bado limeshikwa na udongo wa ukuta wa korongo, liache hapo hapo bila kulitikisa, kwa sababu jiwe lililo ndani ya tabaka lake ni adimu kuliko mengine yote: tabaka la majivu ya volkano lililo juu au chini yake linaweza kupimwa umri, na umri huo ukasaidia kukadiria umri wa zana. Jiwe lililoviringika hadi kwenye mchanga wa chini ya korongo limetoka tabaka lolote, pengine hata shambani juu.

Makorongo ndiyo maktaba yetu, kwa kuwa mvua hufungua matabaka ambayo jembe lisingeyafikia. Neno lenyewe limeingia hata katika majina ya kitaalamu: eneo la FLK, ambako Mary Leakey, mke wa Louis, alipata fuvu maarufu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tarehe 17 Julai 1959, ni kifupi cha Frida Leakey Korongo. Isimila, karibu na Iringa, nayo ilianza kufahamika baada ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa safarini kuokota zana katika korongo mwaka 1951, na uchimbaji wa kitaalamu ukafuata mwaka 1957 na 1958. Mwanafunzi huyo hakuwa mtaalamu. Alikuwa mtu aliyetazama chini kwa makini.

Ukishapiga picha, keti. Kuketi ni sehemu ya kazi, kwa sababu anayetembea huona mawe makubwa tu. Kagua mduara wa mita chache kukuzunguka na utafute vipande vidogo vya jiwe la aina ile ile. Mchongaji wa kale alipotengeneza zana moja aliacha makumi ya vibanzi, kama seremala anavyoacha maranda, na vibanzi hivyo huwa na ukubwa tofauti, kuanzia cha upana wa kiganja hadi cha upana wa ukucha. Jiwe moja zuri lililo peke yake katikati ya changarawe hupaswa kukutia shaka zaidi kuliko vibanzi 10 visivyopendeza vilivyokusanyika pamoja.

Yajue mawe ya kwenu

Huwezi kumtambua mgeni kama huwajui wenyeji. Kabla ya kuamua lolote kuhusu jiwe lako, tembelea mto ulio karibu, kilima na machimbo ya kokoto, na ujifunze mawe ya eneo hilo yana rangi gani na yakipasuka yenyewe hupasuka vipi. Wachongaji wa kale walichagua mawe magumu yenye chembe ndogo zinazolingana, kwa kuwa katika jiwe la namna hiyo nguvu ya pigo husafiri sawasawa na kubandua kibanzi chenye makali. Kuzunguka Naivasha na Elmenteita jiwe hilo ni obsidiani, yaani kioo cheusi cha volkano, na huko Kariandusi yapo hata mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa obsidiani. Isimila walitumia graniti, kwatsaiti na mailonaiti, jiwe gumu lenye chembe ndogo. Katika sehemu nyingi za bara, mbali na volkano, walilazimika kutumia kwatsi nyeupe. Pwani mawe ya matumbawe hayafai kwa makali, lakini katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watu walichonga vijizana kwa kwatsi na cherti, jiwe la jamii ya gumegume, kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Jiwe lisilo la asili ya eneo lako ni dokezo zuri. Huko Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, zimepatikana zana za obsidiani za miaka 300,000 hivi iliyopita ambazo malighafi yake ilitoka umbali unaofikia kilomita 95. Lakini dokezo hilo lipime kwa akili, kwa sababu lori la kokoto pia husafirisha mawe, na barabara nyingi za vijijini zimejazwa mawe yaliyotoka wilaya nyingine.

Kuusoma mpasuko

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ninamshauri msomaji asome sehemu hii akiwa na jiwe mkononi. Yeyote aliyewahi kuona kioo kinene kilichopigwa na kokoto anajua kwamba kipande kinachobanduka huacha alama ya mviringo yenye vijiwimbi, kama upande wa ndani wa ganda la chaza. Jiwe lenye chembe ndogo hupasuka vivyo hivyo. Linapopigwa karibu na ukingo kwa jiwe jingine la kugongea, nguvu hupenya kwa umbo la pia, yaani koni, na kubandua kibanzi ambacho hubeba alama za pigo hilo daima.

Kibanzi kina tumbo na mgongo. Tumbo ni upande uliokuwa ndani ya jiwe mama, yaani jiwe ambalo vibanzi hubanduliwa kwalo, nao huwa laini na usio na makovu makubwa. Mgongo ni upande uliokuwa nje, nao hubeba ama gamba la asili la jiwe, ama makovu ya vibanzi vilivyotangulia kubanduliwa. Anza kwa kutafuta uso wa pigo, yaani sehemu ndogo bapa iliyo kwenye ncha moja ya kibanzi, ambapo jiwe la kugongea liligusa. Chini tu ya uso huo, upande wa tumbo, tafuta kinundu. Kinundu mara nyingi huhisiwa kabla ya kuonekana: fumba macho, pitisha kidole gumba taratibu kutoka kwenye uso wa pigo kuelekea katikati ya tumbo, na utahisi uvimbe mdogo unaopanda kisha kushuka. Kutoka hapo vijiwimbi husambaa kama maji yaliyotupiwa jiwe, na pengine michirizi myembamba huelekea nyuma mahali pigo lilipotua. Ukiviona vitu hivi kwa pamoja, uso wa pigo, kinundu na vijiwimbi vinavyoanzia sehemu moja, una haki ya kusema kwamba kipande hicho kilibanduliwa kwa pigo. Nani alipiga ni swali jingine, nalo nitalifikia.

Mgongo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kibanzi ambacho mgongo wake wote ni gamba kinaweza kuwa matokeo ya jiwe kuanguka mara moja, ila chenye makovu matatu au manne yanayoelekea upande mmoja kinasema kwamba kabla yake vibanzi vingine vilitolewa kutoka mahali pale pale, kwa mpangilio, na mtu aliyekuwa akilizungusha jiwe mkononi.

Kwatsi, nikiri, ni jiwe la kumtesa mchunguzi. Limejaa nyufa za ndani, halionyeshi kinundu vizuri, na wachongaji wa kale mara nyingi walilisimamisha juu ya jiwe jingine wakalibanja kutoka juu kama tunavyobanja njugu, hivyo alama za kuponda huonekana kwenye ncha zote mbili. Ukiwa na vipande vya kwatsi tu, usijaribu kuamua mwenyewe. Hata waliosomea kazi hii hubishana.

Jiwe mama husomwa kinyume cha kibanzi. Juu yake kuna mashimo badala ya uvimbe, kwa sababu pale kinundu cha kibanzi kilipokuwa pamebaki kishimo kidogo karibu na ukingo. Pima pembe kati ya uso uliopigwa na uso uliobanduliwa: mchongaji hawezi kubandua kibanzi kizuri pembe ikifikia au kupita nyuzi 90, hivyo jiwe mama halisi huwa na pembe kali kando ya makovu. Jiwe ambalo makovu yake yote yako kwenye kingo butu zenye pembe pana halikuchongwa na mtu aliyeijua kazi yake, na kwa kawaida halikuchongwa na mtu yeyote.

Shoka la mkono ndilo linaloshawishi zaidi, basi lisomwe kwa ukali zaidi. Liweke kwenye mwanga wa asubuhi unaotoka upande mmoja, chukua penseli, lichore kwenye karatasi pande zote mbili, kisha chora mipaka ya kila kovu. Kovu ambalo mpaka wake haukukatwa na jingine ndilo la mwisho. Lililokatwa ni la mapema zaidi. Yape namba kwa mfuatano huo. Katika shoka la kweli utaona kwamba vibanzi vikubwa vilitolewa kwanza ili kupunguza unene, vidogo vikafuata kunyoosha ukingo, na kwamba mchongaji alikuwa akiligeuza jiwe upande huu na ule, hata makovu ya pande zote mbili yakakutana kwenye ukingo mmoja unaolizunguka. Ukilitazama kwa ubavu, ukingo huo huwa umenyooka au umepinda kidogo tu. Jiwe lililogongwagongwa mtoni nalo lina makovu, ila hayana mfuatano: moja hapa, jingine kule, mengine yamesagika hadi kuwa laini huku mengine yakiwa mapya kabisa.

Washukiwa wengine

Baada ya kujiridhisha kwamba kuna mapigo, mtafute mpigaji, na uanze na yule aliye karibu zaidi. Katika nchi zetu huyo ni mponda kokoto. Maelfu ya watu hupasua mawe kwa nyundo kando ya barabara, na nyundo ya chuma hutoa vibanzi vyenye uso wa pigo na kinundu bila kosa lolote. Alama yake ni ubichi: mpasuko una rangi ya ndani ya jiwe, haujapata utando wa kuchakaa, na pengine mahali pa pigo pana doa la chuma au pamepondeka kupita kiasi. Mashine za kuponda mawe nazo ni wajanja. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa Ulaya walikuwa wakigombana kuhusu mawe yaliyodaiwa kuwa zana za kale kupita zote, hadi mtaalamu wa Kifaransa Marcellin Boule alipoonyesha mwaka 1905 kwamba mitambo ya kiwanda cha saruji nchini Ufaransa ilikuwa ikitoa mawe yanayofanana nayo.

Ng'ombe wanaopita njia moja kila siku hukanyaga vipande vya jiwe na kuvitoa mapengo madogo ukingoni, ambayo mwokotaji huyaita makali yaliyonolewa. Tofauti ipo kwenye utaratibu, maana mtu aliyenoa zana alitoa vijibanzi vilivyopangana na vyenye ukubwa wa karibu sawa, kwa kawaida kutoka upande mmoja, ilhali kwato hutoa pengo popote. Jembe la trekta huacha kovu moja jipya kwenye jiwe la zamani. Moto wa kuchoma shamba hubandua vipande vya duara kama visahani, visivyo na uso wa pigo hata kidogo. Karibu na vijiji, kipande cha chupa nene ya zamani kinaweza kudhaniwa kuwa obsidiani. Kiinue kwenye mwanga, na kama kina viputo vya hewa na mkunjo wa unene sawa, kiache.

Yuko pia mshukiwa asiyetarajiwa. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba nyani wadogo aina ya kapuchini huko Brazili hugonganisha mawe na kuangusha vibanzi vyenye alama zote nilizozitaja, pasipo kuvitumia kama zana. Ndiyo maana kibanzi kimoja hakimthibitishi mtu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha kulinganisha. Mahali ulipolikuta jiwe lako, tazama mawe mengine 20 au 30 ya aina hiyo hiyo bila kuyachagua. Kama unaweza kuyapanga kwa mfululizo usiokatika, kutoka lililogongwa mara moja, lililogongwa mara mbili, hadi lile lako lililogongwa mara sita, basi lako ni lile lililopata bahati mbaya zaidi katika mto huo. Kama lako limesimama peke yake, na hakuna kitu cha kati kati yake na mengine, jambo linaanza kuwa zito.

Mawe ya kusagia na ya kugongea hayafuati kanuni za mpasuko. Hayo hutambuliwa kwa kuchakaa: uso uliolainika na kubonyea kuliko gamba la jiwe lenyewe, au vidonda vidogo vilivyokusanyika kwenye ncha moja tu. Mawe ya kusagia yalitumika hadi juzi, na kwingine hadi leo, kwa hiyo waulize wazee wa mahali hapo kwanza.

Kuhusu umri, zuia ulimi. Mashoka ya mkono yalichongwa Afrika Mashariki kuanzia miaka milioni 1.76 iliyopita, umri wa yale ya Kokiselei magharibi mwa Ziwa Turkana, na watu wakaendelea kuyachonga kwa zaidi ya miaka milioni moja, basi umbo la shoka halikupi tarehe. Urahisi wa zana nao haumaanishi ukale, kwa kuwa mtu aliyehitaji kukata nyama haraka miaka 500 iliyopita angeweza kubandua kibanzi kimoja na kukitupa. Zana za kale kuliko zote zinazojulikana, zile za Lomekwi 3, nako magharibi mwa Ziwa Turkana, zilizogunduliwa mwaka 2011 nazo zina miaka milioni 3.3, hazikupimwa kwa sura. Lilipimwa tabaka zilimokuwa.

Kuhifadhi na kutoa taarifa

Usilioshe jiwe kwa brashi, usilipake mafuta wala vanishi ili ling'ae kwenye picha, na usilijaribu makali yake kwenye ubao, kwa sababu mabaki ya kilichokatwa na mikwaruzo midogo ya matumizi husomwa kwa hadubini. Ukitaka kujifunza kupasua, fanya hivyo nyumbani kwa jiwe la kawaida ukiwa umevaa miwani ya kinga, kisha vitupe vibanzi vyako jalalani, usije ukamwachia mwokotaji wa kesho zana za uongo.

Sheria nayo ina neno. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa; Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa au ofisi ya serikali iliyo karibu ndipo pa kuanzia. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inamtaka mgunduzi aijulishe taasisi ya Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na mazingira ya ugunduzi. Kuchimba bila kibali hakuruhusiwi katika nchi zote mbili, na kuuza pia usikufikirie.

Taarifa yenyewe iwe fupi: picha za jiwe likiwa ardhini, picha za pande zake sita zikiwa na rula au sarafu kando, majiranukta, tarehe, mchoro wako wa makovu, na maelezo ya vibanzi vingine ulivyoviona na kuviacha. Usiandike "nimegundua shoka la miaka milioni". Andika kwamba umekuta jiwe lenye makovu kadhaa pande mbili, katika korongo fulani, mita kadhaa chini ya uso wa ardhi. Leakey mwenyewe alianza hivyo akiwa mvulana wa Kabete, akiokota vipande vya obsidiani ambavyo watu wazima hawakuvijali, hadi Arthur Loveridge wa makumbusho ya Nairobi alipovitazama na kumthibitishia kwamba baadhi yake vilikuwa zana. Baadhi, si vyote. Nawe ukiambiwa kwamba lako si zana, omba uonyeshwe ni alama ipi iliyokosekana, kisha lirudishe ulikolitoa.